Tunguu moja, vipande kumi na sita: kuzidisha maua adimu ya matunguu Nairobi

Kila mwaka masika yakikaribia, maswali huwa yale yale. Nimeletewa matunguu ya snodropu kutoka Uingereza, niyapande wapi? Lile ua jekundu la duara nililoliona msitu wa Karura, naweza kuling'oa nikalipanda kwangu? Amarilisi yangu ina miaka mitano na bado ni tunguu moja tu, kosa liko wapi? Mwongozo huu ni wa mtu anayeishi Nairobi, mwenye roshani ya fleti au kipande cha bustani nyuma ya nyumba, na ambaye hajawahi kutia kisu kwenye tunguu.

Tunaposema tunguu tunamaanisha ile sehemu nono iliyo chini ya majani, iliyojengwa kama kitunguu cha jikoni: magamba yenye nyama yaliyofunikana, na chini yake kitako kigumu kinachotoa mizizi. Likumbuke neno kitako. Kazi yote iliyo hapa chini inakitegemea.

Kwanza tumalizane na snodropu

Snodropu, yaani Galanthus, ina spishi zipatazo 20, asili yake Ulaya, Uturuki, milima ya Kaukazi na Iran. Wakusanyaji wa Uingereza huzigombania hasa. Mwaka 2015 tunguu moja la aina iitwayo Golden Fleece liliuzwa pauni 1,390. Lakini ua hili halitaamka bila wiki nyingi za baridi kali ardhini, na Nairobi, kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, usiku wa Julai kwa kawaida hushuka hadi nyuzi 10 au 12 tu. Hiyo ni baridi ya sweta, si baridi ya snodropu. Ukiliweka kwenye friji unaweza kuliona likichanua mara moja, kisha litasinyaa na kuisha. Isitoshe, Galanthus zote zimo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, kwa hiyo kuyavusha matunguu mpakani kunadai vibali vya CITES pamoja na kibali cha KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea. Mwambie ndugu yako asiyatie kwenye begi.

Tunachoweza kuchukua kutoka kwa watu wa snodropu ni ufundi wao. Walipoona tunguu adimu linazaa mtoto mmoja kwa mwaka, walijifunza kulikata vipande vyenye kitako na kukifanya kila kipande kizae. Amarilisi, Scadoxus na Crinum ni za familia ile ile ya Amaryllidaceae, na kisu kile kile kinazifaa.

Uanze na ua lipi

Anza na amarilisi, ambayo kitaalamu ni Hippeastrum. Asili yake ni Amerika Kusini lakini imeshakuwa mwenyeji: utaikuta kwenye bustani nyingi za mji huu, nyekundu, nyeupe au yenye mistari. Hukubali kisu kuliko zote, na hata ukiharibu, mwenye nayo atakupa nyingine.

Scadoxus multiflorus ndilo lile ua jekundu la duara, mpira wa vijiua hata 200 juu ya bua moja, linalotokeza mvua za masika zinapoanza. Hili ni letu, lina asili ya Afrika kuanzia Senegali hadi Afrika Kusini. Huzaa watoto polepole na halipendi mizizi yake kusumbuliwa. Likatwe tu na mtu aliyekwisha kufaulu na amarilisi. Kwa wengine wote njia ni mbegu, na tutafika huko.

Crinum nazo zipo kwetu. Crinum kirkii ina maua meupe yenye mstari mwekundu katikati ya kila petali, na Crinum macowanii ni ya kengele kubwa zilizoinama. Kama unaishi kwenye udongo mweusi, ule unaopasuka kiangazi na kunata kwenye viatu mvua ikinyesha, Crinum itakuvumilia pale ambapo mengine yataoza. Clivia ya Afrika Kusini haina tunguu halisi. Hiyo hugawanywa kwa mashina yake au kuoteshwa kwa mbegu, wala usiikate kwa njia iliyo hapa.

Kupata tunguu bila kuiba msituni

Usichimbe Karura, wala msitu wa Ngong, wala pembezoni mwa mbuga ya Nairobi. Kuchukua mimea kwenye misitu ya serikali bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Misitu ya 2016, na mbugani kuna Sheria ya Wanyamapori ya 2013. Hata sheria zingekuwa kimya, jibu letu lingebaki hilo hilo. Tunguu la Scadoxus linalochanua lina miaka mitatu, minne au zaidi. Ukiling'oa umeondoa pia mbegu zote ambazo lingezidondosha pale pale. Na likishakatwa mizizi kwa jembe, mara nyingi huoza kwenye chungu kabla ya masika mengine.

Nunua kwenye vitalu vya kando ya barabara: Ngong Road, Kiambu Road, Limuru Road, Lang'ata. Nenda likiwa limechanua, maana majani ya Scadoxus yakiwa peke yake mgeni huyachanganya na mimea mingine, na rangi ya amarilisi haionekani kwenye tunguu. Muulize muuzaji swali moja: hili umelizalisha mwenyewe au umeletewa? Kama kwenye meza yake kuna matunguu ishirini ya ukubwa tofauti, mizizi imekatwa ovyo na udongo wa nyasi bado umeshika, hayo yametoka porini. Usinunue, na mwambie sababu kwa upole.

Kabla ya kulipa, fanya hivi:

- Bonyeza tunguu kwa kidole gumba kote, hasa shingoni na karibu na kitako. Liwe gumu na zito mkononi. Pakibonyea kidogo tu, rudisha.
- Geuza utazame kitako. Kiwe kikavu na kizima, bila shimo wala unga wa kahawia.
- Linuse. Tunguu zima hunuka udongo, bovu hunuka uchachu.
- Tazama majani dhidi ya mwanga. Mabaka au michirizi ya kijani iliyopauka inayofuata urefu wa jani ni dalili ya virusi. Virusi havina dawa, navyo vitaingia katika kila kipande utakachokata.

Ukitaka kuagiza nje, kibali cha kuingiza mimea cha KEPHIS hutangulia mzigo, na muuzaji wa kule naye atoe cheti cha afya ya mimea. Mzigo ukifika kabla ya kibali, usitarajie huruma. Na kama una mmea usiojua jina lake, hifadhi ya mimea iliyokaushwa ya Afrika Mashariki iliyo kwenye Makumbusho ya Taifa ndiyo mahali pa kuuliza. Nenda na picha za ua, jani na tunguu lote.

Unavyohitaji

- Tunguu moja zima la amarilisi, lenye mzunguko wa sentimita 20 au zaidi. Dogo kuliko hapo litakatwa vipande 8 badala ya 16.
- Nyembe za upasuaji kutoka duka la dawa, au kisu chembamba kilichonolewa vizuri. Kisu cha sukuma wiki kina ubapa mnene, kinaponda badala ya kukata.
- Spiriti ya duka la dawa na pamba.
- Glovu. Utomvu wa matunguu haya huwasha ngozi, na tunguu lenyewe ni sumu likiliwa.
- Dawa ya ukungu kutoka agroveti, yenye mankozebu au kopa.
- Vamikulaiti lita 1, yaani zile chembe nyepesi za madini zinazoshika unyevu. Ukiikosa, pumisi ndogo ndogo, yale mawe mepesi ya volkano ya upande wa Naivasha, iliyochekechwa na kuoshwa.
- Mkebe wa plastiki wenye kifuniko, kama ule wa aiskrimu wa lita 2. Miongozo mingi ya nje husema mfuko wa plastiki. Huku mifuko hiyo imepigwa marufuku tangu Agosti 2017, na mkebe ni bora hata hivyo kwa sababu haulalii vipande.
- Vipande vya alumini vilivyokatwa kwenye kopo la soda, na msumari wa kuandikia.
- Baadaye: udongo mwekundu, mchanga wa mto, mboji iliyoiva, na vyungu vya sentimita 10 vyenye matundu.

Hatua kwa hatua

1. Chagua wakati. Kata Januari, Februari au Septemba, nyumba ikiwa na joto. Vipande vinataka nyuzi 20 hadi 25 mfululizo. Ukikata Juni, baridi ya Julai itavikuta kwenye mkebe na vitakaa tu bila kufanya lolote hadi ukungu uvimalize.

2. Lilaze tunguu. Acha kulimwagilia wiki 6 hadi 8 kabla ya kukata. Amarilisi ya Nairobi ikipata maji haipumziki yenyewe kama ya nchi za baridi, kwa hiyo kulipumzisha ni kazi yako. Majani yakinyauka, ng'oa tunguu, kung'uta udongo, liache kivulini siku mbili au tatu likauke nje.

3. Lisafishe. Menya maganda yote ya kahawia hadi ufike kwenye gamba jeupe. Kata mizizi ikaribiane na kitako, ukiacha milimita chache tu. Kisha kwangua uso wa kitako kwa wembe, ukiondoa tishu ya zamani iliyokufa, mpaka uone rangi ya pembe ya ndovu. Kwangua kidogo kidogo. Ukiona kidoa cha kahawia, endelea. Kikizidi kuingia ndani badala ya kuisha, tunguu hilo limeanza kuoza na halifai kwa kazi hii.

4. Safisha kisu. Futa wembe kwa spiriti na uuache ukauke wenyewe. Usiupitishe kwenye moto ukiwa bado umelowa spiriti. Ukihama kutoka tunguu moja kwenda jingine, badilisha wembe. Kufuta hakutoshi, kwa kuwa virusi husafiri kwa utomvu.

5. Kata kichwa. Ondoa theluthi ya juu ya tunguu, upande wa shingo. Hakuna kinachoota kutoka huko.

6. Ligeuze kichwa chini, kitako juu. Hapa ndipo wengi hukosea, wanakata wakiwa wamelisimamisha na hawaoni kisu kinapitia wapi. Weka wembe katikati ya kitako na ukate moja kwa moja hadi chini. Sasa una nusu mbili. Kila nusu igawe mara mbili, kisha tena, kisha tena: 4, 8, 16. Kila kipande kinafanana na kipande cha chungwa, chembamba katikati na kipana nje, na kwenye ncha moja kina sehemu yake ya kitako. Ute utanyooka kama nyuzi nyuma ya wembe; ni kawaida, futa na uendelee.

7. Kagua kila kipande. Kiweke kwenye mwanga. Magamba yote yawe yameshikiliwa na kitako. Gamba lililochomoka likabaki peke yake bila kitako, litupe, hata liwe nono namna gani. Halizai. Mtoto huota pale gamba linapokutana na kitako, wala si kwingine.

8. Ukitaka zaidi ya 16. Unaweza kugawa kila kipande kuwa jozi za magamba: magamba mawili yaliyoshikana chini kwa kitako, kama kurasa mbili za kitabu zilizoshikwa na uti wake. Tunguu kubwa hutoa zaidi ya jozi 40. Jozi ni ndogo na ina chakula kidogo, hivyo huoza upesi na watoto wake huwa wadogo. Mara ya kwanza, ishia 16.

9. Loweka. Changanya dawa ya ukungu kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, bila kuongeza. Tumbukiza vipande dakika 20 hadi 30. Vitoe, vitandaze juu ya gazeti kwa saa moja au mbili hadi uso using'ae tena kwa maji.

10. Andaa vamikulaiti. Vipimo 10 vya vamikulaiti kwa kipimo 1 cha maji yaliyochemshwa yakapoa. Kwa lita 1 ya vamikulaiti: mililita 100 za maji. Itaonekana kavu mno. Iache hivyo. Ikamue kwenye ngumi; tone likidondoka, umezidisha, ongeza iliyo kavu. Ukitumia pumisi, iloweke, ichuje, iache saa kadhaa hadi iwe na unyevunyevu tu.

11. Panga kwenye mkebe. Tabaka la vamikulaiti, vipande visivyogusana, tabaka jingine. Acha nafasi ya hewa juu, karibu theluthi ya mkebe. Funga, na weka ndani kipande cha alumini chenye jina na tarehe.

12. Weka gizani, mahali pa joto. Kabati la juu jikoni ni zuri. Juu ya friji pia panafaa, kwa sababu pana uvuguvugu. Dirishani hapafai: jua la saa saba linapika mkebe.

13. Fungua mara moja kwa wiki. Dakika moja inatosha kubadilisha hewa. Toa kipande chochote kilicholainika au chenye ukungu wa kijani au kijivu pamoja na vamikulaiti iliyokizunguka. Kulaza kimoja kilichooza wiki moja zaidi kunaweza kukugharimu vitano.

14. Subiri wiki 8 hadi 12. Karibu na wiki ya sita, panua magamba ya kipande kimoja kwa upole. Chini kabisa, juu tu ya kitako, utaona kitu cheupe kama punje ya mchele. Hilo ndilo tunguu jipya. Lisiguswe. Vipande vingine hutoa moja, vingine mawili au matatu.

15. Pandikiza. Watoto wakifikia ukubwa wa punje ya njegere na kuonyesha mizizi, changanya sehemu 2 za udongo mwekundu uliochekechwa, sehemu 1 ya mchanga wa mto au pumisi, na sehemu 1 ya mboji iliyoiva. Mchanga wa mto uoshe mpaka maji yatoke maangavu, kwani vumbi lake huziba matundu. Mwagia mchanganyiko maji yanayochemka, uache upoe usiku kucha. Panda kipande kizima, gamba la zamani likiwa limeshikamana, kwani mtoto bado ananyonya humo. Ncha ya mtoto ifunikwe kwa udongo wa nusu sentimita.

16. Usiwalaze watoto. Kwa miaka miwili ya kwanza waendelee kukua bila kiangazi cha makusudi. Mwanga mwingi usio wa jua kali la mchana, maji udongo wa juu unapokauka, na kila wiki mbili mbolea ya NPK 17:17:17 gramu 1 kwa lita 1 ya maji. Samadi mbichi hapana, yurea hapana. Majani yatanenepa na tunguu litaoza.

Maua ya kwanza yatarajie mwaka wa tatu au wa nne. Matunguu yakishakua, amarilisi hupandwa theluthi moja ya tunguu ikiwa juu ya udongo. Scadoxus shingo yake iwe sawa na uso wa udongo, na Crinum shingo ibaki nje.

Njia ya mkato kwa asiyetaka vipande

Chukua tunguu lililosafishwa kama hatua ya 3, ligeuze, ukate msalaba kwenye kitako wenye kina cha sentimita moja hivi, mpaka uingie kidogo kwenye magamba. Lipake dawa ya ukungu, wengine hutumia mdalasini wa unga, na liache kitako juu kwenye mchanga mkavu mahali pa joto. Watoto watajitokeza kwenye mikato. Utapata wachache kuliko kwa vipande, lakini hatari ya kupoteza tunguu lote ni ndogo. Kwa mtu mwenye tunguu moja tu la thamani, tungemshauri hii.

Mbegu: njia ya Scadoxus na Crinum

Kama amarilisi yako ni ya aina yenye jina, jua kwamba mbegu zake hazitatoa ua lile lile. Ni kisu tu kinachorudia mama. Kwa maua ya porini hilo si tatizo, na mbegu ni njia safi kwa sababu virusi vingi havipiti humo.

Scadoxus ikichanua, chukua brashi laini ya rangi na uhamishe chavua kutoka mmea mmoja hadi mwingine, asubuhi siku mbili tatu mfululizo. Mimea miwili tofauti hutoa mbegu nyingi na zenye nguvu. Bua litabeba vitunda vya kijani ambavyo baada ya miezi kadhaa hugeuka vyekundu. Usivichume vikiwa vya chungwa. Ngoja vilainike na kukubali kutoka kwa kidole.

Vaa glovu, kamua nyama, osha mbegu hadi isiwe na utelezi. Utelezi ukibaki, ukungu huanzia hapo. Panda siku hiyo hiyo au wiki hiyo. Mbegu hizi hazihifadhiki. Zikikauka zimekufa, kwa hiyo bahasha ya mbegu kavu za Scadoxus usiilipie hata shilingi. Zikandamize juu ya udongo nusu zikionekana, usizifunike. Kwanza hutoka mzizi, unavimba kuwa kitunguu kidogo, na jani hufuata baadaye. Watu wengi hutupa chungu katika kipindi hicho wakidhani hakuna kitu.

Mbegu ya Crinum ni nene kama jiwe dogo la kijani na huota hata ikiwa juu ya meza bila maji. Ilaze juu ya udongo wenye unyevu tu, nayo itajichimbia.

Mambo yakienda kombo

*Vipande vyote vimelainika ndani ya wiki mbili.* Maji yalikuwa mengi kwenye vamikulaiti, au kitako kilikuwa na uozo ulioupuuza. Hakuna cha kuokoa. Osha mkebe kwa jiki, anza na tunguu jingine.

*Wiki 12 zimepita, vipande ni vigumu na vyeupe lakini havina mtoto.* Ni baridi. Vihamishe mahali penye joto zaidi na uvipe wiki 6 tena. Kama kitako kwenye kipande ni chembamba kama karatasi, ulikikwangua mno, na hicho hakitazaa.

*Watoto wametoa majani ndani ya mkebe.* Umechelewa kidogo tu. Panda leo, na siku chache za kwanza waweke kivulini, majani yaliyokulia gizani huungua upesi.

*Majani ya amarilisi yana vidonda vyekundu kama kutu.* Huo ni ukungu wa baka jekundu. Kata majani yaliyoathirika, acha kumwagilia juu ya majani, tenganisha mimea hewa ipite, nyunyiza dawa ya kopa. Usikate tunguu lenye baka hili kwa ajili ya kuzidisha mpaka lipone.

*Jani la Crinum au Clivia lina vidirisha vyeupe, kisha ghafla shingo imeporomoka.* Huyo ni kiwavi mweusi mwenye mabaka meupe au ya njano, Brithys crini. Huanza akiwa ndani ya jani, kati ya ngozi ya juu na ya chini, kisha hushuka hadi kwenye tunguu. Ukiona vidirisha, pasua jani ulitazame kwa mwanga, toa viwavi wote kwa mkono jioni hiyo hiyo. Ukingoja hadi wikendi, utakuta shingo ni uji mweusi.

*Unga mweupe kama pamba kwenye shingo na katikati ya majani.* Vidung'ata. Vifute kwa pamba iliyolowa spiriti, kisha chunguza mizizi, kwani hujificha huko pia. Chungu cha jirani yake kikague siku hiyo.

*Chumvi nyeupe juu ya udongo na ncha za majani zimekauka.* Maji ya kisima. Tumia maji ya mvua. Paa dogo na ndoo moja wakati wa vuli hutosha vyungu vingi. Kama huna, mwagilia kwa wingi mara moja kwa mwezi hadi maji yatoke chini, yaoshe chumvi.

*Tunguu ni kubwa, majani mazuri, lakini halichanui.* Mara nyingi ni kivuli kingi au mbolea ya naitrojeni. Lisogeze lipate jua la asubuhi, na baada ya mvua liache likauke wiki 6 hadi 8. Kama limegawanywa au kupandikizwa mwaka huu, lipe mwaka mmoja kabla ya kulilaumu.

*Mbwa au mtoto ametafuna tunguu.* Usisubiri dalili. Matunguu ya familia hii yana laikorini na sumu nyingine zinazoleta kutapika na kuharisha. Mtoto apelekwe hospitali na mbwa kwa daktari wa mifugo, na ubebe kipande cha mmea wenyewe waone ni nini. Ndiyo maana matunguu yaliyong'olewa hayakauki jikoni wala hayawekwi kwenye kikapu kimoja na vitunguu vya kupikia.

*Sijui tena lipi ni lipi.* Kalamu ya wino hupauka juani kabla mwaka haujaisha. Andika kwa msumari kwenye alumini, ukikandamiza hadi herufi zibonyee: jina, ulikolitoa, tarehe ya kukata. Kipande kimoja kizikwe ndani ya chungu pembeni, kingine kining'inie nje, maana cha nje ndicho watoto na kunguru huondoka nacho.